Anayeshika Miguu ya Watoto Ndani ya Sumaku

Saa moja na nusu asubuhi, na mzee anavua mkanda. Anatoa saa mkononi, funguo mfukoni na miwani yenye fremu ya chuma, anavipanga kwenye droo ya mbao. Kisha anachukua kisumaku kidogo kilichofungwa kwenye uzi, anajipitishia kifuani, kiunoni, mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama fundi mwashi anayepima ukuta kwa timazi.

"Mimi ndiye wa kwanza kukaguliwa," anasema. "Mlinzi asiyejikagua ni mwizi mwenye sare."

Kwenye benchi amekaa mama kijana na mtoto wa kiume wa miezi minane. Mtoto ameamshwa tangu alfajiri na hajanyonya kwa saa tatu. Ndivyo mama alivyoagizwa. Analia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Mzee, huyu atanichukia," mama anasema.

"Acha akuchukie, mama. Baada ya dakika kumi atakuwa amelewa maziwa, hakumbuki kesi. Mnyonyeshe sasa. Ila usimwangalie machoni, ukimwangalia atataka mazungumzo."

Mama anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Mtoto akiwa ananyonya, mzee anapitisha sumaku juu ya shuka, nepi na soksi. Kwenye soksi uzi unacheza. Anaivuta karibu na jicho. Ndani ya sufu kuna nyuzi za kumetameta.

"Nani kanunua hii?"

"Shangazi yake."

"Mwambie shangazi mtu soksi imekataliwa mpakani."

Mtoto anapolegea, mzee anamlaza juu ya shuka la pamba, anamkunja mikono, anamviringa mara mbili na kuchomeka ncha chini ya mgongo. Miguu pekee inabaki nje. Mtoto anapiga miayo na kulala.

Wafanyakazi wenzake humwita Babu Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kuliko yote. Ana miaka hamsini na minane. Kwenye karatasi za hospitali ni mhudumu, cheo kile kile cha wasukuma vitanda. Kwa vitendo, yeye ndiye anayewalaza watoto wachanga ili ubongo wao upigwe picha kwa ile mashine ya sumaku ambayo wengi huiita MRI.

Ni kazi inayoonekana ndogo, lakini si ndogo. Mashine hiyo haitaki mtu atikisike. Mtoto akigeuza kichwa, picha inachafuka na kazi inaanza upya. Wengi huchomwa sindano ya usingizi, ila daktari wa sindano hiyo huja Jumanne tu. Anayeisubiri hukaa kwenye foleni miezi minne. Anayelazwa kwa maziwa na shuka la Babu Tulia hupata nafasi ndani ya wiki mbili.

Kwa watoto anaowashughulikia, miezi minne ni mingi. Wengi hutumwa na daktari wa ubongo wa watoto, anayeshuku ugonjwa wa kuzaliwa nao unaootesha vivimbe vidogo mwilini: kwenye ubongo, figo, moyo, ngozi.

"Vivimbe vyenyewe kwa kawaida si saratani," daktari huyo anaeleza. "Ila vikikaa mahali pabaya kichwani vinaleta degedege, na degedege isiyozuiwa mapema inamrudisha mtoto nyuma. Picha inatuonyesha viko wapi, vingapi, na kipi kinakua. Anayekuja kabla degedege haijaanza tunamshika mkono. Anayekuja baadaye, tunamkimbiza."

Ngozi, anasema, hutoa siri mapema. Hutokea mabaka yaliyopauka, marefu kidogo kama jani, ambayo wazazi wengi huyaona na kuyadharau.

Saa mbili na dakika tano, mlango mzito unafungwa. Ndani ya chumba wamebaki wawili, mtoto na mzee. Kichwa cha mtoto kimeingia kwenye tundu la mashine, masikio yamezibwa kwa pamba na vifuniko. Babu Tulia naye amevaa vyake. Anaketi kwenye kigoda cha plastiki, ananyoosha mkono, anaushika mguu wa kushoto.

Mashine inaanza kugonga. Inagonga kama fundi bati, kisha inakoroma, kisha inapiga kama mtu aliyesahau funguo anayeubamiza mlango. Kwa dakika arobaini hakuna neno linaloweza kusikika humo.

"Kichwa ni cha daktari," mzee husema. "Mguu ni wangu."

Hashiki kwa kujifurahisha. Mtoto anayekaribia kuamka, anaeleza, huanza kwa kidole gumba cha mguu. Kinanyanyuka kabla macho hayajafunguka. Akikihisi, mzee huinua mkono wa pili, na mpiga picha aliye nyuma ya kioo husimamisha mashine kwa dakika moja. Mzee husugua wayo taratibu, kidole kinashuka, kazi inaendelea.

Mpiga picha ni mwanamke wa makamo ambaye mzee humwita Dada. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, wametenganishwa na kioo.

"Yeye anaona picha, mimi namwona yeye," mzee anasema. "Akiwa anatafuna karanga, najua salama. Akisukuma kile kikombe cha karanga pembeni na kusogea mbele, najua kuna kitu."

Leo, dakika ya ishirini na mbili, Dada anasukuma kikombe pembeni.

Babu Tulia anaangalia chini. Anaendelea kusugua mguu.

Mzee akitoka, mama wa mtoto atakuwa amesimama palepale mlangoni, na swali lake litakuwa lile lile la wote. Mzee haruhusiwi kujibu. Hajasomea, na kinachosemwa kabla ya daktari kinaweza kumvunja mtu bila sababu. Kwa hiyo husema, "Amelala vizuri sana, mama," na hilo huwa kweli. Kisha hutoka kwa mlango wa nyuma.

"Watu wanadhani kelele ndiyo mbaya," anasema. "Kelele huizoea. Kibaya ni kujua nusu ya jambo, na huna wa kumwambia."

Aliacha shule darasa la sita, baba yake alipoumia mgongo. Alibeba mizigo, akachimba mitaro, akaingia hospitalini kusukuma vitanda. Mashine ilipoletwa miaka kumi na tisa iliyopita, waliombwa watu wa kujitolea kukaa ndani na watoto. Wenzake walikimbia. Kulikuwa na uvumi kwamba sumaku inanyonya nguvu za kiume.

"Mimi nilikuwa nimeshazaa," anasema. "Nikawaambia, inyonye tu, zimebaki za akiba."

Anaishi vyumba viwili vya kupanga, na kodi inakula karibu nusu ya mshahara wake. Mke wake alifariki miaka mitano iliyopita. Binti yao wa pekee ameolewa upande wa pili wa mji.

Ndani mwake mna meza, viti vinne, na redio inayowashwa anapoingia na kuzimwa anapolala. Anapika mara moja kwa siku mbili. Mashine kazini, anasimulia, ina pampu inayolia kama kifaranga usiku na mchana, hata isipopiga picha.

"Ile hata ikilala inapumua," anasema. "Kwangu hakuna kinachopumua ila mimi."

Zamani Jumapili ilikuwa na watu. Binti alikuja na mume wake, na baadaye na mtoto. Mtoto huyo wa kike alipatikana baada ya miaka sita ya kungoja, na babu yake alipewa kazi aliyoiomba mwenyewe, kumwogesha.

Jumapili moja, miezi minane iliyopita, mjukuu akiwa na miezi mitano, mzee alimgeuza kwenye beseni mbele ya dirisha. Mwanga ulimpiga mgongoni. Akaona baka moja lililopauka, refu kama jani. La pili lilikuwa kiunoni. Mengine mawili yalikuwa kwenye paja.

Alijua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyaona mabaka hayo akiwabadilisha watoto nguo.

Mtu mwingine angetafuta namna ya kusema. Babu Tulia si mtu wa kupaka maneno asali. Alitoka na mtoto kwenye taulo, akasimama mbele ya binti na mkwe wake waliokuwa wanakula, akasema, "Huyu mpelekeni akapigwe picha ya kichwa. Ana ule ugonjwa."

Binti aliweka kijiko chini.

"Ugonjwa gani?"

"Ule wa vivimbe."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

Majibu ya binti anayakumbuka neno kwa neno. "Baba, kazi yako ni kushika miguu. Vichwa waachie wenye vyeti. Mtoto ananyonya, anacheka, hajashtuka hata mara moja, na wewe umemkalia kikao cha msiba."

Alimvisha mtoto akiwa bado na maji. Mkwe aligeuka mlangoni kuaga, binti akamvuta mkono. Baada ya hapo simu ya baba haikupokewa tena.

Mzee alibaki na hesabu yake. Kila mtoto mwenye degedege aliyeletwa, alimuuliza mama yake ilianza lini. Mmoja alimjibu, "Miezi saba." Mwingine, "Miezi kumi." Mwingine, "Alikuwa na mwaka na nusu, tulidhani imeshapita." Mzee alikuwa anamhesabia mjukuu wake, mwezi baada ya mwezi, bila kujua kama degedege ilishaanza au bado.

"Nilikuwa nashika mguu wa mtoto wa watu," anasema, "nikimuwaza wa kwangu."

Jambo lililobadilisha mambo lilitokea miezi miwili iliyopita, na lilitokana na viatu.

Kwenye chumba cha daktari wa ubongo kuna desturi ya miaka mingi. Mtoto akigundulika kuwa na ugonjwa huo, wazazi wote wawili huambiwa wavue viatu na soksi. Babu Tulia ndiye huwapangia viatu vyao nje ya mlango, kisha huondoka. Siku zote alidhani ni kwa sababu ya misumari iliyo kwenye soli. Kwa mtu wa sumaku, kiatu ni chuma, na chuma hakiingii. Hakuwahi kuuliza, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku hiyo baba wa mtoto, dereva wa lori, aligoma.

"Mtoto anaumwa kichwa, mnataka miguu yangu ya nini?" aliuliza kwa sauti iliyofika kwenye korido. "Au mnauza soksi?"

Daktari alimwita Babu Tulia, anayejulikana kwa kutuliza wakubwa kama wadogo. Mzee aliingia, akavuta kiti.

"Kaka, unaficha harufu?"

"Mzee, nimetoka safari ya siku tatu."

"Basi tutanuka wote." Akavua viatu vyake vya turubai, akavua soksi, akanyoosha miguu katikati ya chumba. "Haya, nimeanza. Usiniache peke yangu, nitaonekana kichaa."

Dereva alicheka, akainama kufungua kamba. Daktari hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vya Babu Tulia.

Pembeni mwa kucha, kwenye vidole vitatu, zilikuwa zimeota nyama ndogo, nyekundu, laini, kama punje za mtama. Mzee alikuwa nazo tangu ujanani. Alikuwa akizikata kwa wembe kila zikiota, akilaumu viatu. Mke wake alikuwa akiziita vifaranga vyake.

"Hizi unazo tangu lini?" daktari aliuliza.

"Hizi? Hizi ni za viatu."

"Babu," daktari alisema polepole, "hizi ndizo ninazozitafuta ninapowavua wazazi viatu."

Ugonjwa huo hutofautiana mno. Mtu mmoja humtesa tangu mwezi wa tatu. Mwingine humwachia mabaka na vinyama vya kidoleni, akaishi nao mpaka uzeeni bila kujua. Lakini mwenye nao, awe anaumwa au haumwi, kila mtoto anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

"Nyani haoni kundule," Babu Tulia anasema, na anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Vidole vya watoto wote wa mji huu navijua. Vyangu nilikuwa navifunika kwa soksi."

Wiki iliyofuata alilala yeye kwenye mashine. Alijikagua kwa kisumaku, akapanda kitandani, akaingizwa. Kigoda chake cha plastiki kilibaki kitupu. Mashine ilipoanza kugonga, mwili ulimtetemeka na machozi yakamwingia masikioni. Picha ya kwanza ikaharibika.

Sauti ya Dada ikatoka kwenye spika. "Babu, tulia."

"Natulia."

"Hutulii. Nakuona."

"Mguu una baridi," alisema.

Dada anakumbuka. "Sikuwa na mtu wa kumtuma. Mtu wa kukaa pale ni yeye. Nilimwongelesha kwenye spika kila mashine iliponyamaza, lakini sauti si mkono."

Picha ilionyesha vinundu vidogo vilivyokauka ndani ya ubongo wake, vya miaka mingi, vimekaa kimya. Havimdhuru. Alikuwa ametembea navyo miaka hamsini na minane.

Aliporudi nyumbani hakuwasha redio. Alitoa picha za binti yake akiwa shuleni. Tangu umri wa miaka kumi, binti huyo alikuwa na vipele vyekundu kuzunguka pua na mashavuni, visivyosikia dawa. Alipaka kila krimu iliyouzwa dukani. Watoto wenzake walimcheka. Na nyumbani, baba yake, kwa utani wake mzito, alimwita Bi Chunusi. Alimwita hivyo mpaka siku ya harusi, mbele ya wageni.

Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwenye ugonjwa huu, uso nao hutoa siri.

"Mchuma janga hula na wa kwao," mzee anasema. "Mimi nimelichuma bila kujua, nikawapa wale, kisha nikawacheka midomo."

Wiki tatu zilizopita, siku ya mapumziko, alipanda basi na kwenda kwa binti yake bila kupiga simu. Mkwe alifungua mlango, akababaika, akasema karibu baba. Binti alitokea jikoni, mtoto kiunoni.

"Shikamoo, baba. Kama umekuja na yale maneno yako, mlango ni ule ule ulioingilia."

"Marahaba. Sijaja na maneno. Nimekuja na miguu."

Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akavua viatu, akavua soksi. Binti aliangalia, hakuelewa.

"Unavikumbuka hivi?"

"Vifaranga," binti alisema. "Mama alikuwa akiviita vifaranga."

"Ni ugonjwa. Nimepigwa picha, ninao kichwani pia. Baka la mtoto limetoka kwangu. Limepita kwako." Kisha akasema lile lililompeleka. "Uso wako si chunusi, mwanangu. Haujawahi kuwa chunusi. Ni mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakucheka. Nisamehe."

Binti alimshusha mtoto sakafuni, akageukia sinki, akafungua bomba bila kuosha chochote.

Mjukuu, sasa mwenye umri wa mwaka na ushei, alitambaa mpaka kwenye kizingiti. Aliviangalia vile vidole. Akakishika kidole gumba cha babu yake kwa mkono mzima, akakivuta, akacheka.

"Miaka kumi na tisa," mzee anasema. "Mguu wangu haukuwahi kushikwa."

Binti alifunga bomba. "Vaa viatu, baba," alisema, mgongo bado umegeuka. "Sakafu ina baridi."

Ni hayo tu aliyoambiwa. Alivaa, akaaga, akarudi kwenye vyumba vyake viwili. Simu yake haikulia siku ile wala kesho yake. Hakujua kama amesamehewa au amefukuzwa kwa adabu.

Siku ya tano, Dada alimwita nyuma ya kioo, jambo asilolifanya mara nyingi, akamwonyesha orodha ya miadi. Kati ya majina kulikuwa na mtoto wa kike wa miezi kumi na mitatu. Pembeni kwenye nafasi ya maelezo, mama aliyepiga simu alikuwa ameeleza kwamba hakuna degedege mpaka sasa. Na kwenye swali la nani katika ukoo ana ugonjwa huu, karani aliandika kama alivyoambiwa: "Babu wa mtoto, na huenda mama."

Picha itapigwa keshokutwa, saa tatu asubuhi.

Mtoto wa umri huo ni mgumu kulaza kwa maziwa. Ana nguvu na anajua kukataa. Daktari alitaka kumpeleka kwenye foleni ya sindano. Babu Tulia aliomba apewe asubuhi moja ajaribu, na akakubaliwa. Asipolala, miezi minne itaanza kuhesabiwa.

Lakini hatakaa yeye kwenye kigoda. Ameshaamua, na ameshampigia binti simu kumwambia. Simu ilipokewa.

"Mguu utaushika wewe," alimwambia. "Nitakufundisha kidole gumba."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma ya kioo, na Dada. Nitamfichia karanga zake, nisije nikamwangalia kikombe."

Kisha akamwambia la pili. Baada ya mtoto, binti naye atapangiwa siku yake, na siku hiyo kigoda hakitakuwa kitupu. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu," anasema. "Mguu wa mtu mzima sijawahi kuushika. Nadhani hautofautiani sana."

Saa tisa alasiri kazi imeisha. Mtoto wa asubuhi ameshaondoka na mama yake, ana miadi na daktari wiki ijayo. Babu Tulia anatoa vitu vyake kwenye droo, anavaa mkanda, saa, miwani. Kisha anachukua shuka la pamba lililo kubwa kuliko mengine, analikunja, analitia kwenye mfuko. Hili, la keshokutwa, ataliosha nyumbani mwenyewe, bila sabuni yenye harufu kali.

Anafika mlangoni, anasimama. Anarudi, anachukua kisumaku na uzi wake, analikunjua shuka mezani na kulipitia lote, pindo kwa pindo, taratibu.

Uzi hauchezi. Analikunja tena.